Kiingereza cha Sabuni, kutoka Nyakato hadi Bukoba

Habari zimenitangulia. Nimeshuka Nyakato juzi tu, na tayari nimekuta watu wanasimulia kwamba dada yangu Kabula aliua mashine ya mtu huko Bukoba, kwamba tulitimuliwa na mbwa, na kwamba mimi nililala kituo cha polisi. Mbwa sikumwona. Polisi sikufika. Povu lilikuwepo, hilo sikatai. Lakini kila nikianza kueleza kijiweni mnacheka kabla sijafika hata Sengerema, kwa hiyo nimeona niandike yote, msome wenyewe na kupeana.

Kwa wasiomjua Kabula: ni dada yangu wa tumbo moja, ananizidi miaka mitano, na amekuwa dobi hapa Nyakato tangu mtoto wake wa kwanza anatambaa. Ovaroli za viwandani, zile zenye grisi iliyokaukia, ndizo zilizomlisha yeye na binti zake wawili. Mwaka huu kiwanda kilichokuwa kinampa nguo nyingi kikanunua mashine zake chenyewe, na kamba zake za kuanikia zikabaki tupu. Ndipo jirani mmoja mwenyeji wa Kagera akaleta habari. Bukoba kuna mama anaitwa Mama Koku, amerudi kutoka Ulaya na kufungua londri, yaani duka la mashine ambamo mteja anaingiza nguo mwenyewe, anakaa, anasubiri. Wateja wengi ni wageni, madaktari wa kujitolea na wasafiri. Alikuwa anatafuta mwanamke anayejua nguo na anayejua Kiingereza cha kuuzia sabuni. Angempima siku moja. Akifaa, kazi ipo, na chumba cha nyuma kipo, anaweza kuhamia na watoto.

Nguo Kabula anazijua. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Mimi ndiye niliyesema, "Twende, nitakufundisha njiani." Mnajua mguu wangu hautulii, na niliwahi kukaa miezi kadhaa nikiwabebea watalii mizigo ufukweni. Niliamini kabisa kwamba Kiingereza ninacho.

Mwanza hadi Kamanga

Siku hizi mabasi makubwa yanapita kwenye daraja jipya la ziwani, na mtu anafika Geita kabla hajamaliza karanga alizonunua stendi. Mimi nikashikilia tupande kivuko cha Kamanga. Nilimwambia dada kwamba kwenye kivuko hatutakosa mzungu wa kufanyia mazoezi.

Tulikosa. Kulikuwa na mbuzi, magodoro, akina mama wenye ndoo za dagaa, na lori la saruji lililokwama likiingia, tairi moja kivukoni na jingine nchi kavu. Watu walishuka, wakapanda, wakashuka tena. Kila mwanaume alikuwa na ushauri wake kwa dereva. Tukakaa zaidi ya saa nzima, na mimi nikaanza somo.

"Mteja akiingia tu," nikamwambia Kabula, "unamwita. Sema: *My friend! Come, come! Good price for you!*"

Akasema. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya korongo, na mbuzi wawili waligeuka.

Mzee mmoja aliyekaa jirani, amevaa koti na kalamu mbili mfukoni, akakohoa. "Samahani kijana. Huyu mama unamfundisha kuuza nini?"

"Shikamoo mwalimu. Sabuni."

Nilimwita mwalimu kabla ya kujua kazi yake, na sikukosea. Alikuwa amestaafu, anarudi kwao Muleba.

"Marahaba. Sabuni ya namna gani, mpaka uitangaze kama moto?"

Nikamweleza habari ya londri. Akasikiliza akitikisa kichwa polepole. "Mtu aliyebeba fuko la nguo chafu mpaka dukani ameshaamua kununua sabuni," akasema. "Unampigia kelele za nini? Mwache aombe. Wewe unauliza mambo mawili tu." Akahesabu kwa vidole. Ya kwanza: *Powder or liquid?* Ya unga au ya maji. Ya pili: *How many cups?* Vikombe vingapi. Akitaka ya kulainisha nguo, kuna neno lake. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kuna neno lake. Akatuandikia yote kwenye karatasi ya sukari, kwa mwandiko ambao ungedhani umechapwa.

Kabula aliisoma karatasi juu mpaka chini, halafu akaigeuza kuangalia nyuma.

"Mwalimu, salamu zake ziko wapi?"

"*Good morning*. Hiyo inatosha."

"Na nyumbani kwake?"

"Usiulize."

"Watoto?"

"Mama, watoto wake kabisa usiwaguse. Anaweza kuondoka."

Kabula alinitazama kama vile mimi ndiye niliyewafunga mdomo Wazungu wote. "Kwa hiyo mtu anaingia kwangu, namuuzia, anatoka, na sijui hata kama kaamka salama?"

"Ndivyo ilivyo," akasema mwalimu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza: "Unaweza kutabasamu."

Lori likaingia. Tukavuka.

Kamanga, Sengerema, Geita

Sengerema tulikula wali na sato wa kukaanga kwa mama mmoja aliyekataa kata kata kutuacha tulipie chai. Dada alimwambia tunakokwenda, basi akatutilia na maandazi ya njiani kwenye mfuko.

Kwenye basi la kwenda Geita tukakosana na abiria. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye njia ya katikati nikisoma karatasi kwa sauti, Kabula anarudia kutoka kitini. Nikashangaa watu wanatoa hela. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Dawa yako, ndugu, inatibu na mgongo?"

"Siuzi dawa, mzee wangu."

"Basi kitabu. Leta kimoja cha mjukuu."

"Sina kitabu. Namfundisha dada yangu."

Hapo wakaniona tapeli. Mtu anasimama kwenye basi, anapaza sauti, halafu hana cha kuuza! Kondakta akaniambia nikae au nishuke. Kabula ndiye aliyesimama akawaeleza, kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili: ana watoto wawili, kamba zake hazina nguo, anakwenda kupimwa Bukoba, na asiposema maneno haya vizuri atarudi alikotoka. Waliotoa hela wakazirudisha mifukoni. Kisha yule mzee wa mgongo akasema, "Haya, mama, tuuzie sisi." Tangu hapo hadi Geita Kabula aliuza sabuni kwa basi zima. Waliagiza vikombe hamsini, vikombe mia, mmoja akataka lori. Kila mmoja alijibiwa na kila mmoja alitabasamiwa.

Tairi kabla ya Biharamulo

Gari la tatu lilipasuka tairi porini, na tairi la akiba nalo lilikuwa limechoka. Dereva akapanda pikipiki kwenda kutafuta jingine. Tukakaa juu ya mabegi yetu kivulini. Kabula akafungua matobolwa aliyoyabeba kutoka nyumbani, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na tukala kimya maana matobolwa hayaruhusu kuongea.

Alipomeza akaniuliza, "Kile kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza. Ndani kulikuwa na nini?"

Lazima niwaambie jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Baba yetu aliweza kusomesha mmoja. Kabula alikuwa amefaulu darasa la saba, na kwa alama nzuri. Wakamweka nyumbani, mpaka zamu yangu ilipofika wakanipeleka mimi kwa sababu ni wa kiume. Kitabu hicho alikifunika yeye kwa gazeti, akakunja kona vizuri, akanikabidhi. Kidato cha pili sikukimaliza. Nilipanda boti ya dagaa kwenda Ukerewe bila kuaga, na tangu siku hiyo sijatulia mahali.

"Sikumbuki," nikasema.

"Hata ukurasa mmoja?"

"Dada, nilikibadilisha kwa samaki."

Fundi wa kampuni ya simu aliyekuwa ameketi karibu akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

"Wabichi?" Kabula akauliza.

"Wakavu."

Akatikisa kichwa, akakung'uta unga wa matobolwa kwenye kitenge. Sikuweza kujua kama anacheka au vipi. Kisha akanipa ile karatasi ya sukari. "Haya, soma. Mimi mteja. Na usinipigie kelele."

Tulifanya mazoezi mpaka dereva aliporudi. Ndiyo mara ya kwanza nilipomfundisha bila kujionyesha, na ndipo nilipogundua anayajua maneno yote, mimi ndiye ninayekosea.

Muleba

Gari liliishia Muleba. Mama mwenye nyumba ya wageni alitulisha ndizi na maharage, kisha akatuletea kahawa ya kutafuna, punje zilizokaushwa, kama Wahaya wanavyomkaribisha mgeni. Mimi nikaimeza nzima nikidhani ni karanga. Alicheka mpaka akashika ukuta. Asubuhi nilimkuta Kabula amemsaidia kuanika mashuka yote ya wageni, anayauliza mashuka kwa Kiingereza yanataka vikombe vingapi.

Bukoba, siku ya kwanza

Londri ya Mama Koku ina mashine sita zenye milango ya kioo, zimepangwa ukutani, na kila moja ina kidroo juu cha kutilia sabuni. Sabuni ya unga iko kwenye ndoo kubwa yenye kifuniko. Mama Koku mwenyewe ni mwanamke mrefu, msafi, asiyepoteza neno. Alimsalimia dada vizuri, akamwonyesha kila kitu mara moja, kisha akanitazama.

"Na huyu?"

"Mdogo wangu. Ndiye mwalimu wangu."

"Mwalimu akae kwenye benchi. Mdomo afunge."

Nikafunga.

Saa tatu akaingia mzungu wa kike, nesi wa kujitolea, na fuko la sare. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko wa Kabula. "*Good morning*," dada akasema, akatabasamu, na hakuuliza watoto. Nesi akajibu. Akaomba sabuni. Dada akauliza ya unga au ya maji. Ya unga. Vikombe vingapi? Kimoja. Yote yalikwenda kama kwenye karatasi, laini kabisa, na Mama Koku pembeni akalegeza mabega. Nikajisemea, kazi imepatikana.

Kabula alijaza kikombe. Kisha mkono wake ukarudi kwenye ndoo wenyewe, ukachota gao moja, kiganja kizima, ukamwaga juu. Nyongeza. Kuna muuzaji gani hapa Nyakato anayekupimia kitu asikuongezee? Hata mwenye nyanya anakutupia moja ya juu. Nesi akainua kiganja: hapana, hapana, asante. Na kwetu mtu akipewa nyongeza anakataa kwanza, si ndiyo? Asipokataa anaonekana mlafi. Kabula akaona huyu mgeni amelelewa vizuri, akamwongezea gao la pili. "*For you*," akasema. Hayo mawili ni maneno yangu, ya ufukweni.

Nesi naye, ili asimuudhi, akashukuru na kuimwaga yote kwenye kidroo. Mimi niliona kila kitu kutoka benchi na sikuona kosa lolote. Ningeongeza vilevile.

Baada ya dakika kama kumi kidroo kikaanza kutema. Povu lilichungulia kwanza, kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, kisha likamwagika. Lilishuka kwenye kioo, likafika sakafuni, likaanza kutembea. Nesi akapandisha miguu kwenye benchi. Mama Koku akaruka. Mimi nikasahau nimefungwa mdomo, nikasimama nikampigia nesi kelele, na Kiingereza pekee kilichonijia kilikuwa "*My friend! Come, come!*"

"Masalu!" dada akanikatiza. "Chumvi! Kwa mama lishe, kimbia!"

Nikakimbia. Niliporudi alikuwa amekwisha kusimamisha mashine. Akakoroga chumvi kwenye maji, akayamimina kwenye kidroo kidogo kidogo, na povu likaanza kunywea. Dobi anajua hilo. Kwenye beseni amelifanya mara nyingi. Kisha akatoa zile sare, zinateleza kama kambale, akazipeleka uani. Nesi akamfuata akiwa na wasiwasi. Hapo dada alihitaji maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi, kwa sababu mwalimu wala mimi hatukufikiria kwamba kuna kitu kingeharibika. Akayatafuta mwenyewe, moja moja. "*Sorry. You sit. I wash.*"

Akasuuza kwa mikono maji matano, mpaka ya mwisho yakabaki maangavu. Nesi hakukaa. Alishika upande mmoja wa kila sare wakakamua pamoja, mmoja akizungusha huku, mwingine kule. Alipoondoka aliaga, lakini hakusema kama atarudi.

Mama Koku alipiga deki mwenyewe. Alipomaliza akamwita dada.

"Alikwambia basi. Hukumsikia?"

"Nilimsikia, mama."

"Sasa?"

"Nilidhani ni adabu."

"Waitu!" Mama Koku akashangaa kwa Kihaya, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Mimi nimeishi kwao. Wakisema basi, ni basi."

"Hata kama wanataka?"

"Hata kama wanataka."

Kabula akafikiri. "Kwa hiyo mteja anatoka na alicholipia tu?"

"Na alicholipia tu."

"Na wewe ulizoea hivyo, mama?"

Mama Koku aliitazama sakafu, ilikuwa safi kuliko tulivyoikuta. "Kesho uje tena," akasema. "Sijakupa kazi. Nimekupa siku moja nyingine. Kikombe ukijaze, ukikate juu kwa rula kiwe sawa, ufunike ndoo."

Bukoba, siku ya pili

"Usinizibe mdomo tena," nilimwambia Mama Koku, "nitakaa nje mwenyewe." Nikatazama kupitia dirishani.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa kizungu mwenye begi mgongoni. Salamu, tabasamu, ya unga, kikombe kimoja. Dada akakata kikombe kwa rula. Mkono ukaondoka kuelekea kwenye ndoo, niliuona. Akaurudisha, akafunika ndoo, akaukalia ule mkono kwenye kiti kama mtu anayemzuia mtoto.

Alikaa hivyo mpaka nguo za kijana zilipotoka kwenye mashine ya kukaushia. Kijana akaanza kuzisukumiza kwenye begi kama mtu anayejaza pumba. Kabula akainuka. Akazichukua mikononi mwake, akazikung'uta, akaanza kuzikunja juu ya meza. Shati, mikono nyuma, kola juu. Suruali, mshono kwa mshono, kama alivyokunja ovaroli za Nyakato miaka yote.

Kijana akainua kiganja. Hapana, hapana, haina haja.

"*Yes*," dada akasema, na akaendelea kukunja.

Mama mmoja wa kizungu aliyekuwa akisubiri akasogeza fuko lake karibu na meza. Halafu mwanaume aliyekuwa nyuma yake. Kufikia saa sita meza ilikuwa na safu tatu za nguo zilizokunjwa, na watu waliokuwa wakisubiri kwa kutazama simu walikuwa wanatazama mikono ya Kabula.

Mama Koku alikuja akasimama ng'ambo ya meza. "Hiyo nayo si nyongeza?"

"Hii haitoi povu, mama."

Nilimwona Mama Koku akicheka kwa mara ya kwanza. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa chumba cha nyuma, akauweka juu ya shati la mtu.

Stendi ya Bukoba

Kesho yake nilianza safari ya kurudi peke yangu. Binti zake wapo kwa jirani, na shule zikifungwa nitawapeleka, kwa hiyo wenye chochote cha kuwapa wakinipa mapema itafaa. Kabula alinisindikiza stendi akiwa na aproni ya londri.

"Nibaki siku mbili tatu?" nikamuuliza. "Nikufasirie panapokuwa pagumu?"

"Masalu, nenda. Kiingereza chako kitanifukuzisha kazi."

Akanifunga kifungo cha kola, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa kidato cha kwanza, akageuka kuangalia saa iliyokuwa ukutani kwa mkata tiketi. "Nimeacha nguo za watu zinazunguka," akasema. "Zimebakiza dakika chache." Akaondoka, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia, kitenge amekishika kwa mkono mmoja.

Mnanijua. Maisha yangu yote ni mimi ninayeondoka, na wengine ndio wanaobaki stendi wakinipungia. Siku ile basi letu lilikuwa halijawasha hata injini. Nikabaki nimesimama pale na begi langu, nikampungia yeye.